Yai la Chebet

Enzi zetu, na wenzangu mliolelewa kwenye mashamba ya wazungu kule Mau Narok miaka ya hamsini mtaniunga mkono, hakuna mtu aliyejua kitu kinaitwa dayati. Tulikula ugali wa wimbi, viazi vilivyochomwa kwenye majivu, na mboga za managu zilizomwagiwa maziwa mpaka uchungu ukaisha. Asubuhi ulipewa uji na maziwa lala ya kibuyu, yale ya kutiwa masizi ya mkaa yapate ladha, kisha unatoka na baridi ya kuuma masikio, miguu mitupu, unakata umande wa ngano kwenda shule. Siku hizi mjukuu wangu anabebwa na pikipiki mpaka kwenye geti, na jioni analalamika magoti. Magoti! Hata ndevu hajaota!

Lakini nisiwadanganye. Watu wa rika letu tunapenda kujigamba kwamba hatukuugua. Tuliugua sana, na wenzetu wengine tuliwazika wakiwa bado hawajamaliza kuota meno. Mdogo wangu Chebet nusura awe mmoja wao.

Mwaka huo bwana mkubwa, mzungu mwenye shamba, aliamua kwamba ng'ombe wa wafanyakazi wamekuwa wengi mno, wataambukiza ng'ombe wake magonjwa. Baba akawaswaga wetu wote mpaka kwa mjomba, mbali. Tukabaki na posho, ule unga mweupe wa mahindi tuliogawiwa Jumamosi. Uji wa posho asubuhi, ugali wa posho mchana, na usiku ni huo huo. Chebet ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa kunyonya. Neno alilojua lilikuwa moja tu, la maziwa, na alilisema akionyesha kidole kibuyu kikavu kilichoning'inia ukutani.

Baada ya muda mashavu yake yakajaa. Jameni, tulivyofurahi! Majirani walimbinya mashavu wakasema mtoto amenenepa, posho imemkubali. Kumbe ni maji. Miguu ikavimba, nywele zikawa nyekundu na kunyonyoka, na lile neno lake moja likapotea. Mama akambeba mgongoni mpaka dispensari.

"Mama, huyu si mnono," dresa, yule mhudumu wa dawa, akamwambia. "Huyu ana njaa. Kuku mnao?"

"Wako."

"Basi mpe yai kila siku."

Mama alirudi akilia, kwa sababu kwetu yai halikuliwa na mwanamke wala mtoto. Mengine yaliachwa yaanguliwe, mengine yalipelekwa dukani kubadilishwa kwa chumvi. Tuliambiwa mtoto akila yai hatasema, atakuwa bubu maisha yake yote. Na aliyelinda mwiko huo nyumbani alikuwa nyanya, mama yake baba, mwanamke mkali ambaye hata majogoo walimpisha njia.

"Huyo dresa ni mtoto wa nani?" nyanya aliuliza. "Mimi nikiwa hai, mtoto wa nyumba hii hali yai."

Siku hizo hukujibizana na mama mkwe. Mama alikaa tu amempakata mtoto, machozi yakimdondoka, nami nikawa naogopa hata kulala, nisije nikaamka nikute Chebet hayupo.

Halafu asubuhi moja uji ukaletwa na Chebet hakugeuza kichwa. Nzi akatua mdomoni mwake, akatembea, na mtoto hakumfukuza. Nyanya aliona. Alisimama hapo akimtazama, kisha akatoka, akarudi na yai kiganjani. Hakujua hata linapikwaje. Alilipasulia ndani ya uji uliokuwa ukichemka, akakoroga huku ameangalia pembeni.

"Na akiwa bubu, mama?" mama akauliza kwa sauti ndogo.

"Na awe bubu," nyanya akasema. "Nitamsemea mimi."

Toka siku hiyo yeye ndiye aliyepika lile yai. Kuonja hakuonja hata kidogo, kwa hiyo siku nyingine lilijaa chumvi mpaka Chebet anakunja uso. Polepole uvimbe ukashuka, nywele nyeusi zikaota. Na sauti? Wee! Sauti ilirudi na haijanyamaza mpaka leo. Chebet sasa ni nyanya wa watu huko Nakuru. Ukimpigia simu, injika githeri kwanza, ile ya mahindi na maharagwe makavu, itaiva kabla hajamaliza salamu.

Nyanya aliishi hadi uzee mkubwa. Mwishoni alipata kiharusi, mdomo ukaenda upande na maneno yakapotea. Tulikuwa tunabahatisha anachotaka, isipokuwa Chebet. Nyanya akiguna, Chebet anasema, "Anasikia baridi miguuni," na ni kweli. Siku moja akamletea yai lililopondwapondwa. Nyanya akafunga mdomo, akageukia ukuta.

"Kula tu, nyanya," Chebet akasema, anacheka na kulia. "Nitakusemea mimi."

Nyanya akafungua mdomo.

Leo friji ya Chebet ina trei nzima ya mayai. Wajukuu wanasukuma sahani, eti yai limekauka, eti wanataka chipsi. Hawagombezi. Anachukua ile sahani, anakula yai lote akiwa amesimama pale jikoni, na hiyo ndiyo saa pekee ambapo dada yangu hasemi neno.