Jina Lililoitwa Bwawani

Nilipokuwa mtoto, tukiishi Kasense, watoto wa kigango chetu tulipelekwa pikiniki msituni kila Jumatatu ya Pasaka. Ulikuwa msitu wa hifadhi. Bwana misitu alikataza kukata hata fito, lakini kutembea na kucheza kando ya mabwawa aliruhusu. Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka ya mjini yameanza kujaa vitu, na mwaka nilipotimiza miaka kumi na moja katekista alikuja na mpira mpya wa plastiki ambao kila mtoto alitaka kuushika.

Bibi yangu, aliyenilea, hakupinga safari hizo. Alikuwa na katazo moja tu.

"Ukifika bwawani usimwite mtu kwa jina lake," aliniambia. "Bwawa likilisikia jina, linalichukua. Na aliyeita ndiye anayepaswa kurudi kuliomba."

Niliitikia huku mawazo yangu yakiwa kwenye maandazi.

Kabula alikuwa jirani yetu, binti wa wafugaji Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Hakuwa wa kigango chetu; mimi ndiye niliyembembelezea kwa katekista aje. Adhuhuri mpira ulitua juu ya majani ya bwawa, yale yanayosukana na kuelea mpaka ukadhani ni nchi kavu. Kabula akaufuata. Nikaona wivu, maana nilitaka niuchukue mimi.

"Kabula! Uache, ni zamu yangu!"

Akageuka kunitazama. Majani yakaachana chini yake, akazama hadi kifuani. Katekista alilala kifudifudi akamrushia khanga mbili zilizofungwa pamoja, na akina mama wa kwaya wakasaidia kuvuta. Alitoka ameenea tope. Tulirudi akiwa amebebwa mgongoni.

Asubuhi yake mama Kabula alikuja kwetu. Alimwamkia bibi shikamoo, akakaa, akasema mtoto ana homa, hali wala haongei. Bibi akaniita.

"Nani alimwita jina?"

"Sijui, bibi. Sikusikia mtu akiita."

Alinitazama kitambo. Kisha akaingia ndani, akachota unga wa ulezi kwenye bakuli, akachukua fimbo yake. Alikuwa mtu wa kanisa, rozari haikumtoka shingoni, na magoti yake yalikuwa yamevimba tangu mvua zianze.

"Unakwenda wapi, mama?" mama Kabula akauliza.

"Kumwombea mtoto. Nitasema nimeita mimi."

Alirudi jua likielekea kuzama. Nilimwona kwa mbali akisimama kupumzika mara tatu kwenye kamlima kale ka karibu na nyumbani, nami sikwenda kumpokea. Niliona aibu. Alipofika aliketi mlangoni, akaomba maji.

"Nimechoka," alisema.

Siku ya tatu Kabula aliomba uji, na juma lililofuata alikuwa anachunga ndama. Lakini bibi hakwenda tena kanisani kwa miguu yake. Padre alimletea komunyo nyumbani. Kila siku nilipanga kumwambia ukweli, kila siku nikaahirisha, na Pasaka nyingine haikumkuta.

Watu wananiuliza kama naamini kwamba bwawa husikia majina. Wanangu wanacheka, wanasema homa ya baridi ingeshuka yenyewe kwa uji na blanketi. Sibishani nao, nimechoka kulifikiria jambo hilo. Kinachonirudia ni vile bibi alivyonitazama. Nadhani alijua, na alikuwa ananipa nafasi ya kusema, "Ni mimi, bibi, twende wote." Nilikuwa na miguu mizima ya mtoto wa miaka kumi na moja. Nikamwacha aende peke yake.