Rula ya Baba na Hedi ya Plastiki

Maziwa yangu yamenenepesha mtoto. Hayajaharibu chuma cha mtu yeyote, na anayebisha aje Mbeya aiwashe injini iliyoko mezani kwangu, asikie inavyounguruma mpaka vikombe vinacheza kabatini.

Nianze na sanduku, maana ugomvi wote ulikuwa wa sanduku.

Baba yangu alikuwa mchonga mbao, lakini si wa makabati wala vitanda. Alichonga maumbo ya kusubia. Unachonga kitu kwa mbao, unakifukia kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, unakitoa taratibu, na pale kilipokuwa panabaki shimo lenye sura yake. Kwenye shimo hilo ndipo unamimina aluminiamu iliyoyeyuka. Karakana aliyokuwa anafanyia kazi ilipofungwa, alirudi kwao Iringa, Mlandege, akaendelea kuchonga kwa raha zake tu. Alikuwa anatengeneza injini. Ndogo, ya silinda moja, ya kuweza kuibeba kifuani. Mama alimuuliza kama itasaga mahindi. Baba akajibu, "Itazunguka." Hilo ndilo jibu alilokuwa nalo, na mama akasonya akaenda zake.

Alichonga kitako, akachonga silinda, akachonga na magurudumu mawili mazito ya pembeni. Vyote vilishasubiwa akiwa hai. Akafariki kabla ya kuchonga hedi, yaani kile kifuniko kinachokaa juu ya silinda na kubeba plagi. Injini ikabaki wazi juu kama chungu. Maumbo yake ya mbao yakabaki kwenye sanduku la mninga, na sanduku pamoja na injini vikabaki kwa bamdogo, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye anasubu sufuria uani hapohapo Mlandege.

Nilipokwenda kuliomba, mtoto mgongoni, bamdogo alicheka.

"Vifaa vya baba vinakwenda kwa mtoto wa kiume."

"Baba hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na mimi."

"Basi vinakaa kwa mdogo wake. Wewe umeolewa Mbeya. Vikafike huko kwa Wanyakyusa wachomee ndizi?"

"Kwani wewe unavitumia?"

Sanduku lilikuwa chini ya magunia ya mkaa, na panya walishaanza kutafuna kona moja. Nikapandisha sauti, naye akapandisha yake, mtoto akaamka akapandisha ya kwake. Ndipo mama mdogo, mkewe, akatoka jikoni na upawa mkononi.

"Nyamazeni! Injini ya marehemu haina hedi. Binti akiimalizia ikawaka, sanduku lake. Akishindwa, asilitaje tena hapa nyumbani. Na mkiendelea kunipigia kelele nalitia jikoni mimi, nichemshie maharage."

Bamdogo alikubali haraka mno. Alikuwa ana hakika siwezi. Hiyo haraka yake ndiyo iliyoniudhi kuliko maneno yote.

Mbeya nafanya kazi kwenye duka la steshenari. Bosi wangu ni mama wa Kihindi, familia yao iko mjini hapa tangu enzi za babu yake, na akikugombeza kwa Kiswahili unatamani angetumia Kigujarati usielewe. Alinunua printa ya mezani inayochapa vitu badala ya karatasi. Inayeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kinasimama. Tunachapa vishikio vya funguo na vikombe vya zawadi za mashule. Mimi ndiye ninayeimudu. Cheti changu cha kidato cha nne kina alama ambazo si za kutangaza, lakini kuchora kwenye kompyuta nilijifunza mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu huku nikinyonyesha.

Nikamwomba bosi ruhusa nichape hedi.

"Hedi ndiyo nini?"

"Kifuniko cha injini."

"Ya gari?"

"Ya baba."

Aliniangalia juu ya miwani. "Chapa wakati hakuna wateja. Tumia nyeusi. Ya dhahabu usiguse, ile ni ya vikombe."

Silinda nilikuwa nimeipima kulekule Iringa kwa rula yangu, kila upande. Nikachora hedi ya kukaa juu yake sawasawa. Pembeni nikaipunguza upana kidogokidogo kuelekea chini, ili itoke mchangani bila kubomoa. Hilo nimeliona mikononi mwa baba tangu sijaota meno ya pili. Plastiki ikatoka na mistari kama suruali ya kodrai, na mistari ya namna hiyo inang'ang'ania mchanga. Nikasugua kwa msasa, nikapaka vanishi, nikasugua tena, mpaka ikateleza kama sabuni. Nikapanda basi.

"Kamwene, bamdogo."

"Kamwene. Ndiyo hiki?" Alikishika kwa vidole viwili kama anashika mkia wa panya. "Kitaungua hiki."

"Kinatoka mchangani kabla moto haujaingia. Kama mbao tu."

"Haya. Ila wewe kaa kule."

Kumbe uani kwake kuna mwiko. Mwanamke anayenyonyesha hasogei wakati wa kumimina, maana chuma kikiona maziwa kinakataa. Ndivyo alivyoambiwa na aliyemfundisha, na huyo naye aliambiwa na wake. Nikaenda kukaa kwenye mlango wa jiko, bamdogo akamimina.

Hedi ilitoka inang'aa, haina tundu hata moja. Tukaiweka juu ya silinda. Ikakaa kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima. Sehemu za kupitisha bolti zilikuwa zimeingia ndani kwa unene wa ukucha, zote, na kwenye injini unene wa ukucha ni mwisho wa safari.

Bamdogo hakuficha furaha. "Ulichungulia! Chuma kimeona maziwa, kikajikunja."

Sufuria ngapi zimetoka na matundu uani pale, zimesubiwa na wanaume peke yao, na hakuna aliyewahi kuwauliza vifua vyao vimebeba nini? Nilifungua mdomo nimwambie hivyohivyo. Lakini yeye alishaniacha, ameinama anasawazisha mchanga kwa ajili ya sufuria, na alichokuwa anakwangulia ndicho kilichonifunga mdomo. Ilikuwa rula ya baba. Ile ya chuma, yenye kutu kwenye ncha.

Nikiwa kidato cha pili niliwahi kwenda nayo shuleni. Mwalimu wa hesabu akanikosesha kila pembetatu niliyochora, na wenzangu wakacheka. Nikarudi nyumbani nalia. Baba alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, hii si rula ya shule. Sentimita zake ni ndefu. Hii inapima kitu kikiwa bado cha moto. Kikishapoa, ndipo kinaingia kwenye rula yako."

Chuma kikipoa kinasinyaa. Basi. Baba alichonga kila umbo likiwa kubwa kidogo, kwa rula inayozidisha, ili kikisinyaa kibaki kile alichokitaka. Mimi nikachapa hedi ya saizi kamili kama mtu anayemkatia mwanawe sare bila kuacha pindo. Bamdogo naye hakuwahi kuihitaji rula hiyo maishani mwake. Yeye anafukia sufuria kuukuu, anapata mpya. Ikipungua kidogo nani atajua, ugali unaiva vilevile.

"Bamdogo, naomba hiyo rula."

"Chukua. Vipimo vyake vya uongo. Nilipimia banda la kuku, mlango ukagoma kufunga."

Nililaza rula mbili sambamba kwenye kaunta ya duka, ya baba na ya shule. Sifuri kwa sifuri. Zinaanza pamoja kama mapacha, halafu ya baba inaanza kuiacha nyingine, polepole, mpaka mwishoni pengo linaonekana wazi. Nikalipima pengo, nikaiambia kompyuta ikuze mchoro wote kwa kiasi hicho. Namba moja tu. Nikachapa upya.

"Si ileile?" bosi akauliza.

"Kubwa kidogo."

"Mimi siioni tofauti."

"Chuma kitaiona."

Safari hii nilipofika Mlandege sikuomba. "Namimina mimi."

"Na maziwa yako?" bamdogo akauliza.

"Yatakuwepo."

Alitazama mbinguni, akamtazama mkewe, akakuta upawa. "Ikiharibika ni yako," akasema. "Na sanduku tusizungumze."

Mtoto nilimwacha ndani kwa mama mdogo, mlango umefungwa, mbali na moto. Mchanga wa kutoka mtoni Kalenga niliuchekecha mwenyewe, nikaushindilia mwenyewe. Plastiki niliigongagonga kidogo, ikanyanyuka bila kuacha hata mkwaruzo. Chungu cha moto kilijaa pistoni mbovu za jenereta kutoka machimboni Makongolosi; ziliyeyuka zikawa kama maziwa kweli, na wala hilo sikulisema. Nilivaa aproni ya ngozi ya baba, ndefu mpaka kwenye viatu. Nikanyanyua.

Mtoto akalia.

Aliyenyonyesha anajua. Ukisikia mwanao analia, kifua hakikuombi ruhusa. Maziwa yakashuka yote, nikayasikia yanalowesha blauzi chini ya aproni, yanateremka tumboni ya moto. Bamdogo akaona doa ubavuni, aproni ilipoishia, akashika kichwa. Mimi macho yangu yako kwenye tundu la mchanga. Nikamimina bila kukata, mkono kwa mwendo mmoja, mpaka aluminiamu ikachungulia kwenye tundu la pili, ikatulia. Nikaweka chungu chini. Nikavua aproni, nikanawa, nikaenda kumnyonyesha mwanangu.

Tulipobomoa mchanga hedi ilikuwa nzima. Fundi wa kuchonga vyuma wa mtaa wa pili akaisawazisha uso na kutoboa matundu. Nikaiweka juu ya silinda, nikaanza kuingiza bolti kwa vidole. Ya kwanza ikaingia. Ya pili. Zote. Zilizama kama zinakwenda kulala.

Plagi ilikuwa ya pikipiki, kabureta ya pampu ya maji. Nikazungusha kamba kwenye gurudumu, nikavuta. Kimya. Nikavuta tena, ikakohoa moshi.

"Ina mafua," bamdogo akasema.

Nikavuta kwa hasira yote niliyokuwa nayo, ya kuchekwa, ya kukalishwa mlangoni, ya panya kwenye sanduku la baba. Ikashika. Kuku walipanda ukuta. Mama mdogo akapiga vigelegele na mtoto wangu begani, mtoto anaitumbulia macho. Niliiacha iungurume nikiwa nalia na kucheka, na sikujali nani ananitazama.

Bamdogo alisogea, akaweka kiganja juu ya kitako cha injini, pale kaka yake alipochonga. Akakiacha hapo muda mrefu.

"Inazunguka," akasema.

"Sanduku," mama mdogo akasema.

Alikwenda kuondoa magunia ya mkaa mwenyewe. Akapangusa mfuniko kwa mkono wa shati, akanibebea mpaka getini, injini ikiwa juu yake. Hapo akakohoa.

"Sasa ile rula uniachie basi. Nimezoea kusawazishia mchanga."

"Siachi."

"Binti, si kichuma tu cha kukwangulia?"

"Kama ni cha kukwangulia, nitakuchapia cha plastiki. Unataka rangi gani?"

Alifikiri. "Dhahabu."

Bosi alinuna, lakini nilimchapia ya dhahabu. Na sentimita zake niliziweka ndefu.