Oili Nzito ya Masanja

Nakumbuka jioni moja pale Igoma, mwanangu, miaka ile biashara zimefunguliwa na kila mwenye kibanda anauza chochote kilichoshuka kwenye lori. Mimi na pacha wangu, marehemu Kulwa, tulikuwa na pikipiki ya kubebea sangara kutoka mwaloni, mitumbwi inakoshusha. Hatukuwa na kingine. Hiyo ndiyo iliyokuwa shamba letu na ng'ombe wetu.

Muuza oili aliitwa Masanja. Namtaja, sioni sababu ya kumficha.

Kulwa aliomba namba arobaini, ile tuliyoelekezwa na fundi. Masanja akachovya kijiti kwenye debe jingine.

"Arobaini ya nini, kijana? Hii tisini. Shika mwenyewe."

Kulwa akaisugua kwa kidole gumba, kama sisi Wasukuma tunavyopima samuli. Kwetu samuli nyepesi ni ya kutilia shaka. Hii ilivutika kama ulimbo.

"Hii ndiyo oili, bwana!"

Kumbe ilikuwa ya gia za malori. Masanja alijua. Ilikuwa imemdodea, akatafuta wa kumbebesha.

Asubuhi, nyumbani Kisesa, baridi kali, Kulwa akaimimina kwenye injini. Baba alikuwa anatoka zizini. Injini hakuijua hata kidogo, ila aliinama akanusa, akasema inanuka yai viza.

"Hiyo inatakiwa ifike wapi?"

"Mpaka juu kabisa, baba."

"Samuli ya asubuhi hata ukipindua kibuyu haitoki. Hiyo itapandaje?"

Kulwa akacheka. "Baba, hii pikipiki, siyo kibuyu!"

"Basi ngojeni jua."

"Samaki hawangoji jua, mzee."

Akapiga kiki, ikawaka kwa shida, akavuta mafuta hapo hapo, tukaondoka. Tulipokuwa tunateremka kuingia mjini, injini ikaanza kusaga kama inatafuna changarawe. Halafu ikakamata, tairi la nyuma likagoma kuzunguka. Mimi nilirushwa mchangani. Kulwa aliangukia katikati ya barabara, na nyuma yetu kulikuwa na lori la pamba.

Masanja alikuja msibani. Alikula ugali wetu, akanawa, akasema ni kazi ya Mungu. Nilikuwa nimelala na mguu umefungwa mbao, sikuweza kusimama nimjibu. Leo namjibu: Mungu hakuuza lile debe. Baba alisamehe. Mimi bado, na sijui kama nitaweza.

Sasa mwanangu, na wewe umepata pikipiki. Oili usiipime kwa vidole. Vidole vyako havina joto la injini. Kila injini imetengenezewa uzito wake wa oili, na namba yake imeandikwa kwenye kitabu kilichokuja nayo. Husomi vizuri, kama mimi? Mpe anayesoma, usione haya. Namba kubwa siyo oili bora, ni oili nzito tu. Nunua kopo ambalo halijafunguliwa. Na asubuhi ya baridi iache ingurume kidogo kabla hujaondoka, oili ipande. Mwenye haraka mwambie atangulie kwa miguu.

Mungu akutangulie barabarani. Akuepushe na akina Masanja, maana bado wapo. Na kila jioni mama yako asikie muungurumo wako ukikata kona ya nyumbani, ainuke akuwekee maji ya kunawa. Mama yetu alisikiliza barabara ile mpaka alipokufa.