Sufu ya Nyanya

Nyanya alifuga kondoo wachache wa kahawia kule Timau, ambako baridi huingia hadi kwenye mifupa. Manyoya yao aliyaosha, akayachambua, akayasokota mwenyewe mlangoni, shuka likiwa magotini. Ndiye aliyenifundisha kufuma na kutambua nyuzi. Pamba huwa nzito ikilowa. Akriliki ya dukani, uzi wa plastiki, ni nyepesi, haina harufu. Sufu ina joto lake.

"Ukishuku," aliniambia, "choma kipande."

Kabla hajafariki aliniwekea kikapu cha mabonge ya sufu. "Utajifumia sweta, iwe ya mwisho kutoka kwangu," alisema, mbele ya shangazi aliyekuwa akimuuguza. Baada ya mazishi nilikwenda kukichukua. Shangazi alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nondo wamemaliza yote, mami. Nikatupa hata kikapu."

Nililia. Yeye ndiye aliyenikumbatia.

Julai hii alikuja kwangu Kinoru na sweta ya binti yake, ya buluu, imechanika kiwiko. "Una mkono wa nyanya yako wewe. Nizibie hapa tu."

"Ni uzi gani?"

"Akriliki. Ya sokoni. Kwani?"

Niliigeuza ndani nje. Pale rangi haikushika vizuri, uzi ulikuwa wa kahawia, kahawia ya wale kondoo. Nilikata kipande kilichoning'inia, nikakigusisha kwenye kaa la jiko tulilokuwa tukiota. Akriliki ingeyeyuka na kuacha kitone kigumu cheusi. Hiki kilijikunja, kikazima chenyewe, chumba kikajaa harufu ya nywele zilizoungua. Nikakisaga vidoleni, kikawa jivu.

"We mtoto! Unachoma nguo za watu? Ama ndio mambo yenu nyinyi waandishi?" Alicheka. Mimi sikucheka.

"Hao nondo wanajua kufuma, shangazi."

Aliinamia jiko. "Wewe ungeifanyia nini? Una makoti mangapi? Msichana wangu alikuwa anatetemeka."

"Ungeniomba."

Alinisogezea sweta.

Sikuwa na sufu. Nyumbani nilikuwa na akriliki nyekundu tu, nikaziba kiwiko kwa uzi huo, taratibu, bila kuficha mshono hata mmoja.

"Hiyo si itaonekana?" akauliza.

"Itaonekana."

Aliikunja, akaitia kwenye mfuko, akaondoka bila kumaliza chai. Harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa bado imetanda chumbani. Sikufungua dirisha.