Fundi Bomba wa Lyamkena

Fundi bomba wetu wa Lyamkena ni mama ambaye huweka sikio kwenye bomba kabla ya kushika spana. Viganja vyake vimekunjamana kama vya mtu aliyetoka kufua, na ukimwuliza jambo hucheka kwanza, ndipo ajibu. Chemchemi yetu ilikuwa ikikauka kila Oktoba, hivyo mwaka juzi alimsihi mzee Lameki akate miti yake ya milingoti, yaani mikaratusi, iliyokuwa ikiifyonza. Mzee alikubali shingo upande, akaikata. Oktoba hii maji yalitoka bombani. "Mvua haijanyesha, mama," Lameki alishangaa. "Haya umeyatoa wapi?" Fundi alicheka, akakinga kikombe, akampa kwa mikono miwili. "Ni mvua ya Machi, baba. Imetembea chini kwa chini mpaka leo." Lameki akanywa, akaomba kingine.