Kitanda cha Tatu Kushoto

Mtaani humwita Baba Boila, maana ujana wake wote aliumalizia kwenye matanuri ya boila za mvuke katika manowari kongwe iliyonusurika vitani. Meli yenyewe ilishakatwakatwa ikauzwa chuma chakavu, lakini keti naye dakika tano tu, utaiona inaelea upya: mizinga tisa, kuta za chuma nene kupita kiganja, mabaharia elfu na ushee. Kusifu meli nyingine? Thubutu!

Binti yake wa pekee ni msanifu wa meli. Miaka mitatu alichora vyumba vya kulala vya manowari mpya, na siku familia za mafundi zilipoalikwa kuitembelea, alitaka kitu kimoja: baba yake aseme neno jema. Moja tu, hata la kunong'ona.

"Mizinga iko wapi?" mzee alianza kabla hata hajapanda ngazi.

"Ni huo mmoja, Baba. Makombora yamo chini ya deki."

"Yamejificha? Na ubavu mbona umeinama hivi, laini kama sabuni?"

"Ili rada ya adui isituone vizuri."

"Enzi zetu adui akituona, alikimbia yeye!"

Wageni wakaangua kicheko. Binti naye alicheka, ila roho ilikuwa juu. Ndani, mzee aliposikia mabaharia ni mia na ishirini tu, aliuliza kama wengine wako likizo. Alipoonyeshwa injini zinazoongozwa kwa skrini, aliitazama mikono yake yenye makovu ya moto, akaguna.

Wakafika vyumba vya kulala. Kila kitanda kina pazia, taa ndogo na tundu la hewa baridi.

"Sisi tulilala kwenye machela ya turubai juu ya boila," mzee alisema. "Tangu hapo mimi na usingizi hatuelewani. Kijiko kikianguka, niko macho. Muulize mama yako."

"Jaribu basi, Baba."

"Dakika moja. Nikutafutie kasoro."

Binti akawaongoza wageni juu. Baada ya saa nzima alihesabu vichwa, baba hayumo. Alirudi mbio. Kitanda cha tatu kushoto, pazia limefungwa, viatu vimepangwa chini, na mkoromo unatikisa chumba.

Akaketi sakafuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Furaha kama ile hakuwahi kuipata.

Pazia likafunguka kidogo.

"Kasoro nimeiona, mama," mzee alisema, jicho moja bado limefumba. "Kitanda hiki, nani atakubali kuamka aende zamu?"