Mmea Uliofungwa kwenye Jiwe

Daktari aliniita kwenye ukumbi wa hospitali mjini Kisii, mimi peke yangu, akaniambia ini la mume wangu limekwisha na kwamba zimebaki wiki, si miezi. Nilinawa uso, nikarudi wodini. Mume wangu akauliza, "Amesema nini?" Nikamjibu kwamba dawa zimeanza kushika. Akatabasamu, jamani. Kisha akauliza, "Na mimea yangu?"

"Iko sawa," nikasema. Hilo la pili, siku hiyo, bado lilikuwa kweli.

Mimea yenyewe ilikuwa ndani ya tangi la kioo sebuleni kwetu Nyamira, pamoja na samaki kumi na mmoja wadogo, wasiofaa hata kwa supu. Mume wangu ni mtu wa ziwani. Alikuwa, ulimi wangu bado unakataa. Alikuwa fundi wa friji, na tangi hilo alilitunza kuliko shati lake lolote. Ndugu zangu wakija walimtania, "Shemeji, Mjaluo gani anafuga samaki asile?" Naye akawajibu, "Nangoja nyinyi Wakisii mmalize ndizi kwanza."

Yeye akiwa amelazwa, niliamua kulisafisha lile tangi. Nilitia mkono ndani nikakuta mimea imefungwa juu ya mawe kwa uzi wa kushonea, mizizi inaning'inia majini bila kushika chochote. Nilikasirika, haki ya Mungu. Mimi nimelelewa Itumbe, nilianza kuchuma chai kabla sijajua kusoma. Kwetu unachimba shimo, unaweka mche, unashindilia udongo mpaka mtu akiuvuta hautoki. Sasa mmea juu ya jiwe! "Nyinyi watu wa ziwa," nikasema peke yangu, "kulima mlimwachia nani?" Nikakata nyuzi zote, nikazika kila shina kwenye changarawe, nikashindilia kwa vidole. Nilijisifu sana siku hiyo.

Baada ya siku kumi hivi majani yakaanza kugeuka manjano, yale makubwa kwanza. Nikabadilisha maji. Nikasogeza tangi karibu na dirisha, labda ni mwanga. Nikasikiliza pampu, ilikuwa inanguruma vizuri. Majani yakazidi kulegea, mengine ukingo wake ukawa kama kioo, unaona hadi upande wa pili. Basi nikakumbuka jambo ambalo mtoto yeyote wa shamba la chai analijua: jani la manjano lina njaa. Kulikuwa na mbolea ya majani chai imebaki kwenye kopo jikoni. Nikatia kiganja kizima.

Asubuhi samaki wote walikuwa wanaelea, matumbo juu. Nililia nikiwachota kwa kichujio cha chai, kisha nikaoga nikapanda gari kwenda Kisii.

"Mimea iko aje?"

"Imenawiri."

"Ule mkubwa umetoa jani jipya?"

"Mawili."

Nilishangaa jinsi uongo ule ulivyonitoka kwa urahisi. Alifurahi, akala uji nusu kikombe. Siku hiyo akaniambia pia, "Mama asisumbuliwe. Nikipata nguvu nitaenda mwenyewe nimsalimie." Mama yake ni mzee, anaishi kule ziwani, na masikio yake hayasikii simu tena. Nikamwambia ni sawa, atakwenda. Kwetu mgonjwa haambiwi. Babu yangu hakuambiwa, shangazi yangu hakuambiwa, nasi tuliita hiyo huruma. Wacha niseme ukweli: mimi nilikuwa mwoga. Nilitaka lile tabasamu la siku ya kwanza, na kila siku nililinunua kwa uongo mpya.

Walipomruhusu arudi nyumbani alidhani amepona. Ndugu yake alimshika upande mmoja, mimi upande wa pili, tukamketisha kwenye kochi. Nilikuwa nimelifunika tangi kwa leso yangu ya kujifunga.

"Funua," akasema.

"Pumzika kwanza."

"Funua, nyar Kisii." Hivyo ndivyo alivyoniita tangu tuoane, binti wa Kisii.

Nikafunua. Maji yalikuwa ya kijani, na harufu ikatoka. Aliinama akachungulia. Kisha akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono wake uliokuwa umebaki mifupa, akavuta mmea mmoja. Shina lilitoka likiwa laini, likakatikia vidoleni mwake.

"Ulilizika."

"Ndivyo tunavyopanda."

"Huu haupandwi hivyo. Hilo shina likifunikwa linaoza. Ndiyo maana nililifunga kwenye jiwe." Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. "Ungeniuliza tu. Nilikuwa pale kitandani, sina kazi yoyote."

"Niliogopa utaumia."

Alijipangusa vidole kwenye taulo, kimoja baada ya kingine. "Kila ulipokuja niliuliza, na kila siku ulisema imenawiri."

"Ndiyo."

"Na uso wako ulikuwa huohuo uliponiambia dawa zimeshika."

Mimi nina mdomo, kila mtu Nyamira anajua. Siku hiyo niliishika ile leso nikaikunja, nikaikunja tena.

"Daktari alisema nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, nikiwa nimepiga magoti sakafuni, na ndugu yake akatoka nje. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza niliambiwa lini. Nikasema, mwezi uliopita.

"Mwezi mzima," akasema. "Ningekuwa nimeshamwita mama. Kuna mambo nilitaka ayasikie kutoka kwangu."

Nikamwuliza ni mambo gani, nimfikishie. Akatikisa kichwa.

Ndugu yake aliondoka mchana huohuo kwenda kumleta mama yao. Walifika kesho yake saa sita mchana. Lakini kulipokucha mume wangu alikuwa ameshaacha kuzungumza. Alikuwa anapumua tu, macho nusu yamefunguka. Mama aliinama akamwita kwa Kijaluo. Akamwuliza jambo, akangoja. Akauliza tena, akaweka sikio lake lile bovu karibu kabisa na mdomo wa mwanawe, akangoja.

Kisha akanigeukia. "Mlijua lini?"

Neno "juzi" lilikuwa tayari mdomoni.

"Mwezi uliopita, mama," nikasema kwa sauti, ili asikie. "Wengine hawakujua. Nilijua mimi."

Hakulia, wala hakunipiga. Alinisukuma pembeni kwa kiwiko, polepole, akaketi mahali nilipokuwa nimeketi, akarudisha sikio lake pale pale mdomoni pa mwanawe.